Noti Niliyompa Mutonyi

Jinja,
Jumatatu, wiki ya tatu ya Majilio

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale barazani, miguu juani, na lile goti la kushoto limepunguza fujo zake. Huku sisi ni wazima. Baba Rehema anakusalimu. Rehema amemaliza mitihani na sasa kazi yake ni kulala na kuuliza chakula kiko wapi. Mvua inanyesha kila mchana, nguo hazikauki. Je, Voi imefika? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, mlimuuza au bado anakula kanga za watu?

Usishtuke kuona barua. Najua tuliongea kwa simu Jumamosi na nikakuambia mambo ni mazuri. Haikuwa kweli, Mama. Kwenye simu nikinyamaza kidogo tu unaanza kunihurumia, nami sitaki huruma kabla hujajua nilichofanya. Ndiyo maana nimeandika, na Mama Salim, jirani yetu anayekwenda Mombasa kwenye harusi ya mdogo wake, amekubali kushuka Voi akuletee mkononi. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe mke wa kaka akusomee, maana yule habari ikimwingia asubuhi, mchana iko sokoni.

Ni habari ya kwaya, na ya wimbo wetu.

Unaujua ninaousema. Ule wa Majilio, wa zamani sana, uliotungwa huko Ujerumani miaka kama mia nne iliyopita, uliofundishwa wewe kwa solfa, do-re-mi ubaoni, ukiwa msichana. Besi wanaanza peke yao, teno wanawafuata, halafu sisi alto, na soprano wanaingia mwisho, kila sauti ikirudia kwamba tufagie mlangoni kwa sababu mgeni yuko njiani. Kumbe na huku Jinja wanauimba. Nilipousikia wiki ya kwanza tu nilipofika, miaka kumi na minane iliyopita, nilijiunga siku hiyo hiyo, nami sijui hata neno moja la Kisoga. Nilipofungua mdomo kuwasalimu kwa Kiswahili, wazee wakakaa wima kana kwamba mwanajeshi ameingia. Huku wengi Kiswahili walikisikia kwanza kwa watu wenye bunduki. Basi wakaniita Afande, na Afande ndiyo mimi mpaka leo.

Kwaya hii ina desturi yake. Majilio yote kinanda kinafunikwa kitambaa cha zambarau, hakiguswi mpaka Krismasi. Wiki nne tunaimba kwa midomo mitupu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutoa noti ya kuanzia kutoka kichwani mwake, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kwetu Voi ulikuwa unaitoa wewe. Mimi huko nilijaribu mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na unajua ilivyoishia. Lakini hapa Jinja sikukosea hata siku moja, kwa sababu ya kile kikombe chako cha bati cha bluu ulichonipa stendi siku naondoka. Jumapili naamka, kabla sijasema neno na mtu nakigonga kwa kijiko, na noti ya kwanza ya wimbo inatoka. Baba Rehema anajua asinisemeshe. Naibeba mpaka kanisani, nasogea hatua moja mbele, nafumba mdomo, natoa ile “mmm” yangu, na kwaya nzima inaichukua kwangu. Mama, sina shamba wala gari. Kutwa nashona mapazia katika duka la Mhindi mmoja, mtu mwema, ila mpaka leo jina langu hajaweza kulitamka. Ile hatua moja ndiyo ilikuwa yangu.

Kisha akaja Mutonyi.

Msichana wa Mbale, miaka ishirini na mitatu, amepata kazi ya kuuza dawa katika duka moja hapa mjini. Mrefu, anacheka na kila mtu. Siku ya kwanza ya mazoezi alileta kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, vya moto bado, akagawa mpaka kwa besi ambao hata hawakustahili. Nilikula vitatu. Vilikuwa vitamu, na hilo nalo likaniudhi.

Wiki iliyofuata Mwalimu Isabirye, anayetuongoza, alileta solfa mpya, na Mutonyi akaisoma papo hapo kutoka juu hadi chini bila kujikwaa. Mwalimu akavua miwani. Mama, miaka yote hii mimi sijawahi kumvulisha miwani mtu yule. “Huyu mtoto iko na sikio,” akasema. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa vidole viwili.

Tangu siku ile kijiba cha roho hakikunitoka. Akichelewa, nasema ana maringo. Akiwahi, nasema anajipendekeza. Akiniamkia “Afande” kwa adabu zote, nasema ananicheka. Baba Rehema alikuja kunichukua mazoezini mara moja, na tukiwa njiani akasema, “Yule mpya ana sauti.” Maneno manne tu. Nilimpakulia viazi bila mchuzi. Tena nilipewa kazi ya kushona kola nyeupe za kwaya, na ya Mutonyi niliibana shingoni, si sana, upana wa kidole. Akaivaa, akameza mate kwa shida, akasema imemkaa vizuri, asante Afande. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Jumapili ya kwanza ya Majilio tulialikwa Mbale kuimba kwenye ibada ya pamoja. Alhamisi kabla ya safari Mwalimu akasimama akatuambia, “Mbale ni nyumbani kwa Mutonyi. Mama yake atakuwa kanisani. Safari hii noti atatoa yeye. Afande, wewe utapumzika kidogo.”

Kupumzika! Nani alimwambia nimechoka? Wote wakageuka kunitazama. Nikasema, “Hakuna shida, Mwalimu,” na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Nilirudi nyumbani nikafua nguo zilizokuwa safi.

Tukafika Mbale Jumamosi mchana, mawingu yamefunika mlima Wanale hadi kiunoni, tukagawanywa katika nyumba za waumini mtaa wa Nabuyonga. Mama yake Mutonyi, ambaye anauza nyanya na vitunguu soko la Nakaloke, alituita sisi alto wote kwake Malukhu tukale. Alitupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwenye mchuzi mzito wa karanga. Majirani walikuwa wamejaa uani, wote wameshaambiwa. Akanishika mikono yote miwili.

“Wewe ndo Afande? Mtoto anasema wewe ndo mwalimu yake ya noti. Asante kumulea.”

Sikuwahi kumfundisha kitu, Mama. Alikuwa anasimama nyuma yangu tu na kusikiliza.

Unadhani hapo nililainika? Hata kidogo. Nilimwangalia yule mama anavyomtazama bintiye akiosha sahani, wivu ukaniingia upya. Mama yangu yuko Voi, hajawahi kunisikia nikitoa noti sawasawa hata mara moja, na huyu msichana wa juzi atatoa ya kwake mama yake akiwa benchi ya mbele, na kitenge kipya.

Mutonyi noti yake huipata kwenye simu. Kuna kitu humo ukikibonyeza kinalia kama filimbi. Lakini Jumapili asubuhi shemasi wa pale alipita na kapu akakusanya simu za wanakwaya wote, ndiyo desturi yao, akazifungia ofisini. Dakika chache kabla ya kuingia, Mutonyi akanifuata nyuma ya kanisa kwenye tangi la maji.

“Afande, simu wamechukua. Nipe noti. Mi naogopa.”

Noti nilikuwa nayo. Nilisafiri na kikombe, na asubuhi nilikuwa nimekigonga kwa mazoea tu. Ilikuwa kichwani mwangu, safi kabisa. Nikainama sikioni mwake nikamtolea nyingine, hatua mbili juu. Haikuwa bahati mbaya, Mama. Nilipanda zile hatua mbili nikijua ninapanda.

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, “Asante, Afande,” akaenda kusimama mahali pangu.

Mwanzoni hakuna aliyegundua. Besi walifurahi, maana siku hiyo hawakuhitaji kuchimba. Teno wakakaza shingo. Sisi alto tukawa tunaimba kule wanakokaa soprano. Mimi nilijua kinachotungoja ukurasa wa pili, pale soprano wanapopanda peke yao. Walipofika pale, sauti zikakatika. Mmoja akapiga yowe, wawili wakanyamaza, mmoja akacheka kwa hofu. Mwalimu Isabirye akainua mkono akatusimamisha mbele ya kanisa zima. Katikati ya kimya kile mtoto fulani akauliza, “Wamemaliza?”

Mwalimu hakumtazama Mutonyi. Alisema neno moja tu: “Afande.” Nikasogea hatua yangu, nikatoa noti ya kikombe, na wimbo ukasimama wima kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Walipiga vigelegele. Mchungaji alinishika mkono. Na nitakuambia ukweli, maana bila huo barua hii haina kazi: nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto. Halafu nikamwona mama yake Mutonyi anatoka kwa mlango wa pembeni, leso usoni, bila kungoja kusalimiana na mtu.

Mutonyi hakunitaja kwa yeyote. Nilikaa roho juu, nikingoja aseme, “Afande ndiye aliyenipa.” Hakusema. Kutoka Mbale hadi Jinja alitazama nje ya dirisha la basi. Mwalimu akaniambia kazi yangu nimerudishiwa na mambo ya majaribio yamekwisha.

Mazoezi yaliyofuata Mutonyi hakuja, wala Jumapili ya pili. Nilichotaka nilikuwa nimekipata chote. Nikasogea hatua yangu, nikatoa noti, wakaipokea, nami nikajiona kama nimevaa nguo ya mtu.

Jumatano iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nikaenda dukani kwake nikajifanya nataka dawa ya kikohozi. Nikakohoa hata, bila aibu. Akanitolea chupa, akanieleza vijiko viwili kutwa mara tatu, kwa heshima ile ile inayoniudhi.

Nikamwambia, “Mutonyi, sina kikohozi. Ile noti niliyokupa Mbale haikuwa yenyewe. Nilifanya makusudi.”

Nilitegemea atalia au atanifukuza. Akaichukua chupa, akairudisha kwenye rafu.

“Mi nilisikia iko juu,” akasema.

“Sasa mbona uliitoa?”

“Nilisema ni sikio yangu ndo mbaya. Afande haiwezi kosea.”

Kisha akaniambia mama yake amemkataza kuimba tena, kwamba amewaaibisha watu wa nyumbani, na yeye ameshakubali. Aliisema kwa utulivu, akipangapanga vidonge. Nikaomba kiti, Mama, nikakaa.

Kesho yake kwenye mazoezi nilisimama nikawaambia wote. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Mwalimu Isabirye akavua miwani. Kwa hiyo hatimaye na mimi nimemvulisha, ila si vile nilivyotaka. Hakunigombeza. Alisema nikae na waumini mpaka Krismasi ipite, halafu tutaona. Hakuna aliyenitetea, na sikustahili. Baadaye nikampigia simu mama yake Mutonyi nikamweleza kwamba kosa halikuwa la mtoto. “Nimesikia,” akasema, akakata. Baba Rehema nilimwambia wakati wa kula. Alijipakulia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, kabla hujanipigia, nilikuwa nimempelekea Mutonyi kola yake. Nimeifumua nikaitanua. Na nimempa kikombe. Nilimwonyesha pa kukigonga, upande ule rangi ilipobanduka, na kwamba asiseme na mtu kabla ya kukigonga. Nikamwambia kilikotoka, na kwa nini nakitoa, na kwamba sikio lake si baya, ni zima kuliko langu.

Jana alirudi. Nilikaa benchi ya tano pamoja na Baba Rehema na Rehema. Noti ilitoka pale pale inapotakiwa, soprano wakapanda ukurasa wa pili hakuna aliyeyumba. Mama yake hakuja kutoka Mbale, lakini Mutonyi aliniambia amemruhusu. Usidhani nimepona. Aliposogea ile hatua moja mbele, mguu wangu wa kulia ulisogea wenyewe chini ya benchi. Bado nina wivu hata sasa ninavyoandika, na nadhani Jumapili ijayo wivu huo utakuwepo tena.

Nisalimie kaka, na mke wake pia, hasa kama ameshachungulia begani kwako. Nisalimie shangazi aliyenifundisha cherehani, mwambie bado nakaza uzi kwa meno na bado naambiwa niache. Msalimie na yule mzee wetu wa besi, kama angali anasinzia kwenye mahubiri. Mjukuu wako anasema anataka kuja likizo, nami sijamkatalia.

Sasa, Mama, lile lililonikalisha kitini dukani kwa Mutonyi.

Unakumbuka Majilio yale nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wa kwaya alisema umeitoa noti miaka ya kutosha, sasa aachiwe binti. Ulicheka, ukanifunga kitambaa kichwani kwa mikono yako. Mlangoni mwa kanisa nikaingiwa na hofu, nikakuomba unitolee, nawe ukaniinamia sikioni. Soprano wakakatika ukurasa wa pili, pale pale. Ukasogea mbele, ukaitoa upya, wimbo ukasimama, watu wakakushukuru. Mimi sikuimba tena Voi. Niliposikia kuna kazi ya kushona Jinja nilikubali siku hiyo hiyo, ili nisipite tena mbele ya kanisa lile. Stendi ulinipa kikombe, ukalia, hukusema neno. Nilipokigonga mara ya kwanza huku, nikasikia noti yake iko chini ya ile uliyonipa mlangoni. Na siku ile mlangoni, Mama, niliisikia iko juu. Miaka kumi na minane nimejiambia ni masikio yangu, Mama hawezi kukosea.

Sikuulizi kwa hasira. Baada ya Mbale sina mahali pa kuitoa hiyo hasira. Ila mimi Mutonyi nimempa kikombe pamoja na maneno yake, na wewe mimi ulinipa kikombe kitupu. Kama maneno yake bado unayo, Mama Salim akirudi atapita tena Voi.

Mwanao yule yule,
Wakesho